Mshahara wa Mlinzi: Habari za Kodi ya Stempu katika Amerika

Wasomaji wetu, wahenga walisema, "Dawa ya deni ni kulipa." Neno hili ni kweli, wala hapana mwenye akili awezaye kulipinga. Walakini wahenga hawakutuambia nani alipe ikiwa watu wawili wamenufaika na kitu kimoja, wala nani mwenye haki ya kusema, "Sehemu yako ni hii." Leo twataka kueleza ugomvi mkubwa uliotokea kwa ajili ya maswali hayo mawili, kati ya Uingereza na makoloni yake ya Amerika, tangu mwaka 1763 hata 1783. Twaomba waalimu wawasomee wanafunzi wao habari hii polepole, na wazee waipime barazani, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila mtu akusanyaye fedha ya watu na kwa kila mtu atoaye.

Kwanza tutoe mfano. Ndugu wawili wanakaa mbalimbali, mkubwa upande huu wa mto na mdogo upande wa pili. Simba wakavamia zizi la mdogo. Mkubwa akakopa fedha, akanunua bunduki, akaajiri watu, na mdogo naye akatoa vijana wake, simba wakafukuzwa. Hata baadaye mkubwa akavuka mto bila kusema neno, akahesabu ng'ombe wa mdogo wake, akachagua ndama mmoja akamfunga kamba. Mdogo akanena, "Ungaliniomba ningalikupa wawili." Mkubwa akajibu, "Siombi kilicho changu." Basi ndama ni mdogo, lakini undugu umeingia ufa. Mambo ya Amerika yalikuwa mfano wa hayo.

1. Makoloni yenyewe

Katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini palikuwa na makoloni 13 ya Waingereza, tangu Massachusetts na New Hampshire upande wa kaskazini hata Georgia upande wa kusini. Karibu kila koloni lilikuwa na Gavana wake, na kila moja lilikuwa na Baraza la wajumbe waliochaguliwa na wanaume wenye mali. Baraza hilo ndilo lililokata kodi za mahali pale na kutoa fedha za matumizi. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi; wazee wengi walizaliwa wakaikuta.

Ni lazima tuseme jambo moja mapema, ili msomaji asidanganyike. Si watu wote wa makoloni yale waliokuwa na sauti. Wanawake hawakuwa nayo, wala maskini wasio na ardhi. Kiasi cha mtu mmoja katika watano alikuwa mtu mweusi, na karibu wote walikuwa watumwa. Na wenyeji asili, waliokuwa na nchi ile kabla ya mgeni yeyote kufika, walizidi kusukumwa kuelekea magharibi. Tutakapowasikia watu wa makoloni wakilia juu ya haki, tuyakumbuke hayo.

2. Vita na deni

Mwaka 1754 Waingereza na Wafaransa walianza kupigana kwa ajili ya bonde la mto Ohio, na mwaka 1756 vita vikaenea Ulaya na pande nyingine za dunia. Waingereza wakaitwaa Québec mwaka 1759 na Montréal mwaka 1760. Amani ilipofanywa mjini Paris mwaka 1763, Wafaransa walitoa Canada mikononi mwa Mfalme wa Uingereza.

Ushindi ulikuwa mkubwa, na gharama yake vilevile. Kabla ya vita deni la Serikali ya Uingereza lilikuwa kama paundi milioni 75. Vita vilipokwisha lilizidi milioni 130. Riba peke yake ilikula zaidi ya paundi milioni 4 kila mwaka. Watu wa Uingereza walikuwa wakilipa kodi za ardhi, za madirisha ya nyumba, za pombe, na za vitu vingine vingi. Mwaka 1763 kodi mpya ilipowekwa juu ya pombe ya matofaa, watu wa mikoa ya magharibi ya Uingereza walifanya ghasia. Mzigo ulikuwa umefika mwisho wa kubebeka.

Juu ya hayo, mwaka huohuo wa 1763 wenyeji asili wa upande wa maziwa makubwa, na mmoja wa viongozi wao Pontiac wa kabila la Ottawa, waliinuka wakateka ngome kadha za Waingereza. Serikali ilikuwa imekwisha kata shauri kuweka askari wapata 10,000 katika Amerika. Ikatangaza pia kwamba wazungu wasihamie ng'ambo ya milima ya Appalachian, ili wasigombane na wenyeji kwa ajili ya ardhi. Gharama za askari hao zilikadiriwa kuwa zaidi ya paundi 200,000 kwa mwaka. Sasa ndipo swali likaja: Nani atawalipa?

3. Shauri la Bwana Grenville

Waziri Mkuu wa wakati ule alikuwa George Grenville, mtu mwangalifu sana katika mambo ya hesabu. Aliona kuwa askari wanawalinda watu wa makoloni. Basi ni haki watu hao watoe sehemu. Hakutaka walipe zote, wala hakutaka wasaidie kulipa deni la zamani. Mwaka 1764 alirekebisha ushuru wa asali nyeusi ya miwa iliyoletwa kutoka visiwa vya kigeni: akaupunguza toka peni 6 hata peni 3 kwa galoni, lakini akaagiza ukusanywe kwelikweli, kwa maana zamani wafanya biashara walizoea kuukwepa kwa magendo.

Kisha akaleta Kodi ya Stempu. Sheria hiyo ilithibitishwa tarehe 22 Machi 1765, na ilikuwa ianze kazi tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Kila hati ya mahakama, hati ya ardhi, karatasi za meli, gazeti, kalenda, hata karata na dado za kuchezea, ilipasa iwe na stempu ya Serikali. Gazeti dogo lilitozwa nusu peni, jozi ya karata shilingi moja, na hati ya kumaliza masomo ya chuo kikuu paundi 2. Katika Uingereza kodi ya namna hii ilikuwapo tangu miaka mingi. Fedha zote zitakazopatikana zilikuwa zitumike katika Amerika kuwalipa askari, wala hazikutazamiwa kutosha nusu ya gharama yao.

Haifai kusema kwamba Grenville alikurupuka tu. Alitoa habari mwaka mzima kabla. Mwezi wa Februari 1765 aliwaita mawakili wa makoloni waliokaa London, mmoja wao akiwa Benjamin Franklin, na alipowauliza kama makoloni yangeweza kupatana kila moja litoe kiasi gani, hawakuweza kumjibu. Naye hakutaja jumla aitakayo, wala hakuyapelekea Mabaraza maombi rasmi. Basi mlango uliachwa wazi kidogo, lakini hapana aliyeusukuma, si yeye wala wao.

4. Maneno ya pande mbili

Msomaji mwema, mambo haya ni kesi, na kesi haiamuliwi kwa kusikia upande mmoja. Tusikilize pande zote mbili.

Waingereza walinena: Ninyi mmeokolewa na hatari ya Wafaransa kwa damu yetu na fedha yetu. Mtu wa Uingereza hulipa kodi mara nyingi kuliko mtu wa Amerika. Makoloni yenu ni 13, na kila moja hungojea jirani yake atangulie kutoa. Wakati wa vita mengine yalitoa sana, na mengine yalitoa kidogo au yalichelewa. Jeshi haliwezi kulishwa kwa ahadi. Tena msiseme hamna wajumbe katika Bunge, kwa maana hata miji mikubwa ya hapa kwetu, kama Manchester na Birmingham, haina mjumbe wake, na bado hulipa. Bunge huwaangalia raia wote wa Mfalme, waliochagua na wasiochagua.

Watu wa makoloni walijibu: Hatukukaa bure wakati wa vita. Tulitoa vijana wetu maelfu kwa maelfu, tukakopa, tukajitoza kodi, nanyi wenyewe mlituletea fedha za kurudisha sehemu ya gharama zetu, kwa sababu mliona tumetoa kupita kiasi. Biashara yetu mmeifunga kwa sheria zenu ili faida ije kwenu, na hiyo nayo ni kodi. Wafaransa wamekwisha ondoka. Mbona jeshi liongezwe hatari ikiwa imepungua? Na zaidi ya yote, ni haki ya zamani ya kila Mwingereza kwamba mali yake haitwaliwi ila kwa ruhusa ya wajumbe wake. Mjumbe wa Manchester hayumo, lakini wanaokata kodi ya Manchester hulipa kodi ileile wao wenyewe. Anayetukatia sisi kodi halipi hata senti. Kila anachotuongezea sisi, yeye hujipunguzia.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha ugomvi wote. Stempu ya nusu peni haikuweza kumfilisi mtu. Bali walisema, "Leo nusu peni, na kesho nani atawazuia?"

5. Mwaka wa ghasia

Mwezi wa Mei 1765 Baraza la Virginia, likiongozwa na maneno makali ya kijana wakili Patrick Henry, lilikubali maazimio kwamba haki ya kuwatoza watu wa Virginia ni ya Baraza lao. Magazeti yakaeneza habari hizo, nayo magazeti yalikuwa na sababu yao wenyewe ya kuchukia stempu. Mawakili walichukia vilevile. Hivyo sheria iliwagusa kwanza watu wawili wenye ulimi mrefu kuliko wote mjini, mwandishi wa gazeti na mwanasheria.

Tarehe 14 Agosti watu wa Boston walitundika mtini sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, wakabomoa jengo lake, naye akaahidi kujiuzulu. Siku kumi na mbili baadaye kundi la watu lilivunja nyumba ya Thomas Hutchinson, Naibu wa Gavana, wakaiba fedha, wakaharibu vyombo na kutawanya vitabu vyake na maandiko njiani. Naye Hutchinson mwenyewe alikuwa amekwisha andika kwamba haoni vema kodi ile. Ndivyo ilivyo ghasia. Haiulizi nani mwenye hatia.

Mwezi wa Oktoba wajumbe 27 wa makoloni 9 walikutana mjini New York. Hawa hawakuvunja nyumba ya mtu. Waliandika maombi kwa heshima wakayapeleka kwa Mfalme na kwa Bunge, wakikiri utii wao, na kusema kuwa kodi haiwezi kukatwa ila na Mabaraza yao. Tena wafanya biashara wa New York, Philadelphia na Boston wakapatana wasinunue bidhaa za Uingereza mpaka sheria ifutwe. Ilipofika tarehe 1 Novemba wagawa stempu karibu wote wamekwisha jiuzulu, na hapakuwa na mtu wa kuziuza, isipokuwa Georgia ambako chache ziliuzwa kwa muda mfupi.

6. Sheria yafutwa

Bidhaa zilipokosa wanunuzi, wenye viwanda na wenye maduka wa Uingereza waliona hasara, wakaliandikia Bunge kwamba stempu zinaua biashara. Grenville alikuwa amekwisha ondoka madarakani, na Lord Rockingham ameshika mahali pake. Mwezi wa Januari 1766 William Pitt, aliyeongoza Uingereza katika vita vilivyokwisha, alisimama Bungeni akasema kuwa Bunge halina haki ya kuwakatia kodi ya namna hii watu wasio na wajumbe humo.

Tarehe 13 Februari Franklin aliitwa mbele ya Bunge akaulizwa maswali mengi. Alijibu kwa upole na kwa hesabu. Alisema kwamba makoloni yaliandika, yalivika na kulipa karibu watu 25,000 wakati wa vita, na kwamba Pennsylvania peke yake ilitumia kama paundi 500,000 ikarudishiwa kama 60,000 tu. Alieleza kuwa desturi ilikuwa Mfalme kuwaomba kwa njia ya Magavana wao, nao hutoa. Na wakiombwa tena hivyo watatoa tena. Ila kwa stempu hawatakubali kamwe, wasiposhurutishwa kwa silaha.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Machi 1766, sheria ilifutwa. Kengele zikapigwa London na Boston. Walakini siku ileile Bunge lilitunga sheria nyingine, kutangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia watu wa makoloni sheria katika mambo yote. Watu wengi kwa furaha yao hawakuisoma vizuri. Kodi iliondoka, swali likabaki. Nalo jeshi bado lilikuwa likingoja mshahara.

7. Ugomvi warudi

Mwaka 1767 Waziri wa Fedha Charles Townshend alitoza ushuru juu ya kioo, risasi, rangi, karatasi na majani ya chai yaingiayo Amerika. Safari hii fedha hazikuwa kwa ulinzi tu, bali pia za kulipa mishahara ya Magavana na mahakimu, ili wasitegemee tena Mabaraza ya watu. Hapo shaka ya watu ikathibitika. Bidhaa zikasuswa tena. Mwaka 1768 askari walipelekwa Boston. Na tarehe 5 Machi 1770 askari waliozungukwa na kundi la watu walipiga bunduki, watu 5 wakafa, mmoja wao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Jeshi lililosemwa kuwa la kuwalinda watu sasa lilikuwa limewaua.

Ushuru ukafutwa isipokuwa ule wa chai, peni 3 kwa ratili, uliobakizwa ili haki ya Bunge isisahauliwe. Kwa ajili ya chai hiyo, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, watu wa Boston walitupa baharini makasha 342. Bunge likajibu kwa kuifunga bandari yao. Tarehe 19 Aprili 1775 vita vilianza, na mwezi wa Julai 1776 makoloni yakatangaza kujitawala.

Mwaka 1778 Bunge lilitunga sheria kwamba halitawatoza tena watu wa makoloni kodi kwa ajili ya mapato. Neno hilo lingalisemwa mwaka 1766, labda lingaliponya. Sasa lilikuja maji yamekwisha mwagika. Amani ilifanywa mwaka 1783. Deni lililoanzisha yote sasa lilizidi paundi milioni 200, na makoloni 13 yamekwenda zake.

8. Walipojitawala wenyewe

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huishia, lakini fundisho halijatimia. Je, watu wa Marekani walipokwisha kujitawala, walimlipa mlinzi wao kwa furaha?

Sivyo. Bunge lao la kwanza halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliweza kuyaomba majimbo tu, kama Franklin alivyosema ifanywe. Nayo majimbo yalitoa kidogo, kila moja likimtazama mwenzake. Mwezi wa Juni 1783 askari waliokuwa hawajalipwa walilizunguka Bunge mjini Philadelphia, wajumbe wakakimbilia Princeton. Basi yale Waingereza waliyosema, kwamba jeshi halilishwi kwa ahadi, yalikuwa na kweli yake. Ndipo mwaka 1787 walipoandika Katiba mpya, ikilipa Bunge la nchi nzima uwezo wa kutoza kodi. Mwaka 1791 wakatoza pombe kali ili kulipa madeni ya vita. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania wakaasi, wakafukuza watoza kodi kama zamani walivyofukuzwa wagawa stempu. Naye Rais George Washington mwenyewe akatoka na askari wapata 13,000 kuwatuliza. Mara hii mbegu ya uasi haikushika, kwa kuwa watu wengi walisema, "Kodi ni nzito, lakini wajumbe wetu ndio walioikata, na tunaweza kuwabadili." Na kweli mwaka 1802 kodi hiyo iliondolewa kwa kura, bila risasi.

Waingereza nao walijifunza. Mwaka 1862 Bunge lao liliazimia kwamba makoloni yenye kujitawala yachukue yenyewe mzigo mkubwa wa ulinzi wa ndani. Na kufika mwaka 1871 askari wao wengi walikuwa wameondolewa New Zealand na Canada, isipokuwa bandari ya Halifax. Mwenye kuamua akawa ndiye mwenye kulipa.

9. Neno la mwisho

Wasomaji wetu, tumeona kuwa pande zote mbili zilisema kweli. Ulinzi una gharama, na asiyetaka kulipa mlinzi asishangae usiku mwizi akija. Lakini fedha ya watu ina mlango wake, na mlango huo ni ridhaa yao. Anayepita dirishani, hata kama anadai haki yake, huonekana mwizi.

Tena wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kiongozi akusanyaye mchango wa shule, wa kisima au wa zamu ya usiku, na aanze na daftari: gharama ni kiasi gani, zimetoka wapi, na kila nyumba itatoa nini. Kisha awaulize watu, awangoje wajibu. Na watu nao wakiulizwa wasinyamaze kama wale mawakili wa London, ambao waliulizwa wasijibu, kisha wakalalamika.

Na tuwakumbuke wale walionyamazishwa. Watumwa wa Amerika hawakuulizwa na London wala na Mabaraza ya makoloni. Walingoja hata mwaka 1865 ndipo utumwa ulipoondolewa nchini mwote. Mtu adaiye haki yake na atazame kwanza nyuma ya mlango wake, asije akawa amemnyima mwingine.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini Serikali ya Uingereza iliona haki kuwatoza watu wa makoloni? Taja sababu tatu.
2. Stempu ya nusu peni ilikuwa ndogo. Watu waliogopa nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya yaliyofanywa Boston mwezi wa Agosti na yaliyofanywa New York mwezi wa Oktoba 1765?
4. Kwa nini maombi matupu hayakutosha kulisha jeshi la Marekani?
5. Ungalikuwa wewe Bwana Grenville mwaka 1764, ungalifanyaje?